Usiku wa Ijumaa Ulikuwa Lini

Kesi ya mdogo wangu haikuwa kesi. Karani wa mlangoni ndiye aliyenieleza hivyo asubuhi ya kwanza, nilipomuuliza inasikizwa chumba gani.

"Ile si kesi bado," akaniambia. "Ule ni uchunguzi. Hakimu anatazama kama kesi ipo. Akiiona, ataipeleka Mahakama Kuu. Asipoiona, basi."

"Na mtu aliyekaa Ngomeni mwezi mzima kwa kitu ambacho bado si kitu, huyo mwamwitaje?"

"Sogea, yakhe. Wazuia mlango."

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Ngome ile ambayo leo watu hulipa kuingia kuitazama ilikuwa jela, na watu walikuwa wakiingizwa bure. Mdogo wangu alikuwamo kwa tuhuma ya kuua. Mlinzi wa ghala la mbata za nazi, mzee wa Kihadhrami aliyekuwa akilala nje ya mlango juu ya kitanda cha kamba, alikutwa Jumamosi asubuhi amepasuliwa kichwa. Mdogo wangu ni fundi seremala, na alikuwa akitengeneza makasha ya ghala lile. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amegombana na mzee huyo juu ya vipande vya mbao alivyokuwa akitoka navyo kwapani. Waligombana kwa sauti, mbele ya watu, kama watu wa Mji wa Kale wanavyogombana, kila mmoja akimtaja babu wa mwenziwe. Polisi walipokuja nyumbani kwetu walikuta beseni chini ya ngazi, na ndani ya beseni kanzu yake, ina damu kifuani. Wakamchukua yeye pamoja na beseni.

Kama hakimu angeiona kesi, mdogo wangu angekwenda kusimama Mahakama Kuu, na mwisho wa kesi za namna ile kila mtu mjini aliujua. Ulikuwa wa kamba.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nililia. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa, unauona ni wako lakini ukiubonyeza hausemi. Asubuhi nilifungua duka, jioni nikafunga. Duka halikuwa langu, lilikuwa la Mhindi mmoja katika mtaa ule uitwao Biashara Street siku hizi, na mimi nilikuwa mwuza kanga wake. Kazi yangu ilikuwa maneno. Mwanamke akishika doti, mimi nilijua kwa vidole vyake kama anainunua au anaipapasa tu. Na nilikuwa na tabia, ninayo hadi leo, ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Mizigo ikiletwa na karani wa kampuni ya Wazungu, nilihesabu mbele yake, kisha nikahesabu akishaondoka. Sikuwa nikimshuku yeye. Nilikuwa nikijishuku mimi.

Basi nikiwa nimekaa benchi la nyuma la mahakama nilihesabu nilichokiona. Hakimu mmoja, Mzungu mwembamba, akifuta shingo kwa leso. Inspekta mmoja wa polisi, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaleta mashahidi. Mkalimani mmoja, mtu wa bara aliyesoma misheni, suruali yake imepigwa pasi hata nzi angeteleza. Mdogo wangu kizimbani. Nikahesabu tena. Wakili hakuwepo. Pesa za wakili tulikuwa tumeambiwa tuziweke kwa ajili ya huko mbele, ambako ndiko wakili anakofaa kitu. Ushauri huo niliuona kama kumwambia mtu asinunue mwavuli mpaka alowe, lakini sikuwa na nguvu za kubishana.

Hakimu alikuwa akiandika kila neno kwa mkono wake. Shahidi akisema, mkalimani akigeuza, hakimu akiandika, na sote tukiungoja wino ukauke. Shahidi akimaliza, husomewa maneno yake yote upya, kwa Kiswahili, aseme kama ndiyo au sivyo. Ndipo akatia sahihi, au kidole. Hili lilinipendeza. Nikasema, hawa nao wanahesabu mara mbili.

Shahidi mkubwa alikuwa Bibi.

Sisemi bibi yetu wa kuzaa. Alikuwa mzee wa nyumba ya pili, mlango kwa mlango na sisi, aliyetukanda homa tukiwa wadogo. Inspekta alitaka afunue uso ili hakimu amwone. Bibi hakusogeza buibui lake hata kidogo. Akasema kwa sauti iliyotosha chumba kizima, "Mwambie huyo, uso wangu aliuona marehemu mume wangu, na yeye mwenyewe ilimbidi angoje."

Mkalimani akageuza, sijui kwa maneno gani. Hakimu akatazama meza, akauficha mdomo kwa leso. Akasema shahidi si lazima afunue uso, atatambulishwa na mtu anayeijua sauti yake, na tena apewe kiti. Inspekta akasema shahidi hutoa ushahidi akiwa amesimama. Hakimu akasema katika kesi, labda. Kiti kikaletwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa yule Mzungu. Mahakama Kuu, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, ni duka la bei iliyoandikwa. Pale kwake bado watu wanakishika kitambaa, wanakigeuza, wanakinusa. Alikuwa na nafasi ya kusema haya, sawa, mpe kiti. Na alikuwa akiitumia.

Bibi akaapishwa. Akasema alimwona mdogo wangu akipita mbele ya mlango wake baada ya isha, kanzu yake ina damu kifuani, anakwenda upande wa kisimani.

"Alimwonaje gizani?" akauliza hakimu. Taa za mji wakati huo zilifunikwa kwa amri ya vita.

"Alikuwa na kandili mkononi. Na mato yangu hayajafunikwa na serikali."

"Ilikuwa siku gani?"

"Usiku wa Ijumaa."

Mkalimani akageuza. Hakimu akaandika. Inspekta akaketi kama mtu aliyepata bei yake. Kwa sababu mlinzi, ulikuwa umekwisha kutolewa ushahidi, aliuawa Ijumaa usiku. Alionekana mzima Ijumaa hadi magharibi, akakutwa maiti Jumamosi alfajiri.

Bibi akasomewa maneno yake. "...usiku wa Ijumaa," akasoma mkalimani.

"Ndiyo," akasema Bibi. "Hivyo hivyo." Akatia dole gumba.

Kisha inspekta akasoma maneno aliyoyasema mdogo wangu siku aliyokamatwa: damu ile ni ya mbuzi, nilichinja mbuzi usiku wa Ijumaa kwa khitma ya arubaini ya mama yetu. Na akamleta mtu wa kuuza mbuzi kutoka Majengo, ambaye aliapa kwamba mbuzi yule alimuuza Alhamisi mchana, na Ijumaa asubuhi alipopita kudai kamba yake alikuta ngozi imekwisha kuanikwa.

"Kwa hiyo Ijumaa usiku," inspekta akasema, "hakukuwa na mbuzi wa kuchinjwa."

Mbuzi yule mimi nilimla. Nilikula paja na nikarudia mchuzi. Lakini nilimla Alhamisi, na Ijumaa yake nilikwenda kulala kwa wakwe zangu Majengo, kwa hiyo usiku wa mauaji siwezi kusema mdogo wangu alikuwa wapi. Nikakaa pale kwenye benchi nikihesabu. Mbuzi, Alhamisi. Damu, Ijumaa. Nikahesabu tena, ikatoka vile vile. Nikasema moyoni, mdogo wangu kamsogeza mbuzi. Ameogopa, akamvuta mbuzi kwa kamba kutoka Alhamisi mpaka Ijumaa ili amfunike mtu aliyekufa.

Wala sikushtuka. Nilitazama kisogo chake kule kizimbani, kimenyolewa vibaya na kinyozi wa jela, nikawaza kwamba kinyozi yule angefaa kupewa kondoo wa kunyoa.

Hakimu akauliza kama inspekta ana shahidi mwingine. Akasema hana. Hakimu akasema kesho, Alhamisi, atamsikiza mshitakiwa kama ana neno, kisha ataamua.

*

Jioni ile nilikwenda kwa Bibi. Sikwenda kumgombeza, wala sikutaka aseme uongo. Nilitaka apunguze ukweli. Kazi yangu mimi ni kupunguza na kupunguziwa, na sikuwa na kazi nyingine ya kumfanyia mdogo wangu.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, mwanangu. Kaa. Umekula?"

"Nimeshiba. Shikamoo."

"Marahaba. Umeshiba nini, na mashavu yamekuingia namna hiyo?"

Akaniwekea mahamri na mbaazi. Nikala, kwa sababu kwa Bibi mazungumzo hayaanzi mdomo ukiwa mtupu. Kisha nikaanza kwa mbali, kama ninavyoanza na mteja.

"Bibi, kandili zile za vita hazina mwanga, sivyo?"

"Yangu ina mwanga."

"Sisemi yako, yake. Na wewe ulikuwa umechoka."

"Sikuwa nimechoka."

"Na kanzu ikilowa maji huonekana nyeusi. Mtu aweza kudhani damu."

Bibi akaweka kikombe chini. "Wataka nini, wewe?"

"Sitaki kitu."

"Umekuja na uso wa dukani. Uso huo kauzie mashuka. Nena."

Nikanena. Nikamwambia, kesho hakimu anaamua. Wewe peke yako ndiye uliyemwona na damu. Ukienda ukasema huna hakika, hutakuwa umedanganya, kwani ni nani mwenye hakika?

"Mimi," akasema Bibi. "Nilimwona. Damu mpaka kwenye ndevu. Nikamwambia, we mwana, jioshe, wanawake wataingia khitmani wakukute kama mchinjaji wa idi. Wewe mwenyewe ulikuwa mlangoni ukipokea misahafu. Na ini mliniletea, bila ya chumvi."

Nikatafuna mahamri. Yalikuwa hayana ladha, na sidhani kosa lilikuwa lake.

"Hiyo ilikuwa siku ya khitma, Bibi. Siku ya mbuzi."

"Ndiyo nikasema. Usiku wa Ijumaa."

"Khitma ilikuwa Alhamisi."

"Alhamisi mchana mlileta mbuzi. Jua likazama, ukaingia usiku wa Ijumaa, mkachinja, mkasoma. Khitma gani isomwayo usiku wa Jumamosi? Mamako alikuwa Banyani?"

"Basi Bibi, usiku wa pili yake? Usiku aliouawa mlinzi?"

"Usiku wa Jumamosi? Usiku ule sikumwona mtu, nilifunga mlango mapema, mguu uliniuma." Akanitazama kama anitazamavyo mtoto aliyerudi sokoni na kitu sicho. "Yule mzee Ijumaa aliswali msikitini, bega kwa bega na mume wa mjukuu wangu. Mtu aliyekufa usiku wa Ijumaa angeswalije Ijumaa?"

Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa jambo hili, na kama ningelisikia mtaani lisingenipita. Siku yetu huanza jua likizama. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Mtu akisema tuonane usiku wa Ijumaa, waja Alhamisi baada ya magharibi, na ukija siku ya pili utakuta watu wamekwisha kula. Lakini mimi kwa miaka nilikuwa nikifanya kazi na hati za kampuni za Wazungu, ambazo siku yake huanza watu wamelala. Maneno yale niliyasikia mahakamani, nikayaelewa kizungu.

Na mkalimani naye hakukosa neno hata moja. Bibi alisema usiku wa Ijumaa, akaandikiwa usiku wa Ijumaa wa Wazungu. Aliposomewa, wa Wazungu ukageuzwa ukarudi usiku wa Ijumaa, akasema ndiyo. Walihesabu mara mbili, wakakosea mara mbili, na hesabu ikatoka sawa.

"Bibi, mbona hukuwaambia damu ni ya mbuzi?"

"Wameniuliza damu ya nani? Wameniuliza nilimwona? Nilimwona. Nikawaambia ndani yangu, hawa wana kazi yao, hilo la mbuzi watakuwa walijua, mji mzima ulikula."

Nikanawa mikono. Nilidhani nitafurahi. Nilijaribu kupata furaha kama mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, nikapapasa huku na huku, nikakuta hamna. Nikamshukuru kwa mahamri.

*

Alhamisi asubuhi hakimu alipoingia, nilisimama kabla hajaketi vizuri.

"Bwana Hakimu, nina neno."

Askari akanishika bega. Inspekta akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Huyu hapana shahidi. Huyu kaka ya mshitakiwa. Toa nje."

Hakimu akanitazama. Alinitazama muda wa kutosha mtu kukunja doti moja. Kisha akasema kitu, na mkalimani akageuza: "Anauliza, neno lako ni la kumwombea ndugu yako?"

"Siombi kitu. Ni juu ya kalenda."

Nadhani kalenda ndiyo iliyoniokoa. Laiti ningesema haki, au huruma, ningekuwa nje. Hakimu akaweka kalamu. Nikaeleza kwa ufupi: usiku wa Ijumaa wa Bibi ndio Alhamisi usiku yao. Mkalimani akageuza polepole, na katikati akanyamaza, akanigeukia.

"Wasema Ijumaa usiku siyo usiku wa Ijumaa?"

"Kwetu, siyo."

"Kwetu ni mamoja," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta ngazi haipo. Akamaliza kugeuza, na akaongeza la kwake mwenyewe, kwamba yeye aligeuza maneno kama yalivyosemwa, na kwamba kama watu wa pwani wana maana nyingine basi hakuwa ameijua, na mashahidi wangapi amewageuzia siku zao hakumbuki.

Inspekta akapinga. Mwanamke yule amesomewa, amekubali, ametia dole. Maneno yake yamefungwa. Kama kuna la kurekebisha, litarekebishwa Mahakama Kuu.

"Huko mbele," nikasema, bila ya kuulizwa. Askari akanikaza bega.

Mkalimani akatugeuzia jibu la hakimu, na nalikumbuka kwa sababu lilikuwa refu kuliko yote aliyoyasema siku zile: "Hakimu anasema, hii si kesi. Hapa yeye hamhukumu mtu. Yeye anatazama kama ushahidi unatosha kumpeleka mtu mbele, na hawezi kutazama kitu ambacho hajui kilitokea lini. Anasema faili hajalifunga. Na anasema maneno ya huyu bwana wa kalenda si ushahidi, hayaandiki. Ila yamemfanya atake kumwuliza yule mama tena."

Askari akatumwa kumleta Bibi. Hakimu akaziahirisha shughuli zake nyingine, mwizi wa baiskeli na mlevi mmoja wa melini, wakarudishwa benchi wakinung'unika. Bibi akaletwa baada ya adhuhuri kwa gari la mkono, maana mguu bado ulikuwa ukimsumbua. Mimi niliamriwa nisimame kona ya nyuma, uso ukutani, ili asiniangalie wala nisimkonyeze. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya mdogo wangu iliamuliwa mimi nikitazama chokaa.

"Mama," mkalimani akageuza, "hakimu hataki kukwambia neno. Anataka umweleze mwenyewe. Usiku ule ulipomwona, mchana uliotangulia ulikuwa mchana wa siku gani?"

"Alhamisi."

"Na mchana uliofuata?"

"Ijumaa. Nilipiga pasi kanzu za wajukuu za msikitini."

"Basi ulimwona Alhamisi usiku."

"La. Nilimwona usiku wa Ijumaa."

"Lakini Ijumaa ilikuwa haijafika."

"Ilifika jua lilipozama. Kwani yeye kwao Ijumaa hufika lini?"

Nikasikia mkalimani akigeuza, na hakimu akijibu, na mkalimani akikohoa kabla ya kugeuza tena. "Anasema, saa sita za usiku."

"Saa sita za usiku!" akasema Bibi. "Watu wamelala! Nani anayeipokea?"

Yule mlevi wa melini akacheka, akanyamazishwa. Hakimu akaandika. Kalamu ilikwaruza muda mrefu, na mimi nikahesabu nyufa za ukuta. Kisha Bibi akaulizwa sababu ya damu, na kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima mtu wa serikali alimwuliza damu ilikuwa ya nani.

"Ya mbuzi," akasema. "Na ini mliletewa nyinyi pia? Basi mimi nililetewa."

Akasomewa. Safari hii alisomewa kwa mchana uliotangulia na mchana uliofuata, si kwa usiku. Akatia dole.

Mtu wa mbuzi alikuwa amekwisha kusema Alhamisi. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kusema usiku wa Ijumaa. Hakimu akayaweka pamoja yale makaratasi, akayatazama, na nilipoambiwa nigeuke nilimwona akiyagonga meza kingo zake zilingane. Akamwuliza inspekta, ukiondoa damu, umebakiwa na nini? Inspekta akasema ugomvi. Hakimu akasema kwa ugomvi wa mbao hawezi kumpeleka mtu Mahakama Kuu ajibu mauaji, kwa kuwa mji huu ungebaki mtupu. Hilo la mji mtupu nadhani mkalimani alilitia mwenyewe.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mkalimani akamwambia mdogo wangu, "Unaachiliwa. Hukuhukumiwa, wala hukusamehewa. Polisi wakipata jambo jingine, wanaweza kukurudisha. Nenda. Ukiitwa, uje."

Mdogo wangu akasema ndiyo bwana. Akabaki amesimama kizimbani. Ikabidi askari amfungulie kilango cha mbao na kumwonyesha njia kwa kidole.

*

Hati za kutoka Ngomeni zilichukua alasiri yote. Alipotoka alikuwa na kikoi alichokwenda nacho na bila ya kanzu, kwani kanzu ilikuwa bado ni mali ya serikali. Tulipeana mkono kama watu waliokutana kwenye mazishi.

"Nimeshinda?" akauliza njiani.

"Hukushinda. Umeachwa."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyeshinda haitwi tena."

Akatembea kidogo. "Wewe ulidhani ni mimi?"

Niliuza kanga maisha yangu yote. Jibu la kila swali huwa ninalo kabla mtu hajafunga mdomo. "Nilidhani umemsogeza mbuzi," nikamwambia.

Mbele ya duka la kahawa watu walimwamkia, akaitikia, na mmoja akaniuliza kwa jicho, nami nikatikisa kichwa, sijui kwa maana gani.

Bibi alikuwa ametungojea mlangoni na sinia. Akamketisha mdogo wangu ukumbini, akamtilia wali na mchuzi wa papa, akamtazama mpaka akapeleka tonge la kwanza. Huko nje mwanga ulikuwa umekwisha kugeuka rangi ya chai.

"Basi mwishowe walielewa?" akaniuliza.

"Walielewa, Bibi. Mungu akuweke."

"Wakaandika ni lini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimechoka. "Wameandika Alhamisi usiku."

Bibi akakunja uso. "Wamekosea."

Mdogo wangu akaacha kutafuna.

"Mimi sikusema Alhamisi," akasema Bibi. "Niliapa kwa msahafu. Usiku wa Alhamisi ulikuwa jana yake, mbuzi yuko kwao Majengo akila majani. Wamenitilia dole langu kwenye uongo. Kesho nitarudi niwaeleze wakifute."

"Bibi," nikasema.

"Kesho. Gari la mkono nitalilipa mwenyewe."

Nimepatana na Wahindi, na Washihiri, na karani wa forodha, na mama zake bibi harusi. Sijapata kupatana kama nilivyopatana jioni ile, nimechutama mbele ya mkeka wa Bibi, na mdogo wangu ameshika tonge ambalo halipandi wala halishuki. Nilimwambia kwamba kwa Wazungu neno Alhamisi lina maana ya Ijumaa. Akasema mbona basi Ijumaa yao haina maana ya Jumamosi. Nikamwambia ina maana hiyo. Akasema hao basi ni watu waliopotea siku zote saba, na ni wajibu kuwaongoza. Nikamwambia hakimu ataaibika. Akasema alimpa kiti, hataki aaibike. Hapo nikaona mlango, nikaingia.

"Kwa ajili ya kile kiti, Bibi. Mwachie."

Akafikiri. Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe nitakuachia kwa sharti. Kila usiku wa Ijumaa utakuja hapa kumsomea Yasini marehemu mume wangu. Mpaka nife."

"Nitakuja, Bibi," akasema mdogo wangu.

"Utakuja lini?"

Akameza. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa jirani, na ya pili ikaipokea upande wa Kuze.

"Leo," akasema.

Bibi akamwondolea sinia, akamletea maji ya kutawadha.